Karatasi aliyoificha Sadako: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye saratani ya damu, Hiroshima, 1955

Wengi wanaolijua jina la Sadako Sasaki wanalijua kwa sababu ya korongo wa karatasi. Msichana wa Hiroshima aliugua saratani ya damu miaka tisa na ushei baada ya bomu la atomiki, akaanza kukunja korongo kwa kuwa Wajapani husema anayefikisha elfu moja hujaliwa ombi lake, akafariki akiwa na miaka 12. Watoto wa nchi nyingi wamesomewa habari hiyo darasani, na wengi wamelia.

Ila katika kisa hiki kuna karatasi nyingine ambayo wasimulizi huipita haraka, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote. Sadako alipokwisha kufariki, ilipatikana orodha aliyokuwa ameiandika kwa mkono wake na kuificha kitandani: majibu ya vipimo vya damu yake mwenyewe. Seli nyeupe, seli nyekundu, hemoglobini (ile inayobeba oksijeni katika damu), tarehe baada ya tarehe tangu alipolazwa. Na wakati wote huo hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia anaumwa nini.

Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya orodha hiyo. Tunapozungumzia majonzi katika saratani ya watoto, mara nyingi tunawawazia wazazi waliofiwa. Mtoto mwenyewe tunamhesabu kuwa ndiye anayeliliwa. Kumbe naye analia: anawalilia wenzake wanaoondoka wodini, anaulilia mwili wake, shule yake na mbio zake, na pengine anajililia mwenyewe. Anafanya hivyo mapema kuliko tunavyodhani, na mara nyingi yuko peke yake, kwa kuwa sote tuliomzunguka tumekubaliana kwamba hajui kitu.

Historia ya mgonjwa

Sadako alizaliwa tarehe 7 Januari 1943. Bomu lilipoanguka asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 alikuwa na miaka miwili na nusu, akiwa nyumbani kwao, chini ya kilomita mbili kutoka kitovu cha mlipuko. Hakuonekana na jeraha lolote. Mama yake alikimbia naye pamoja na kaka yake. Bibi yao aligeuka kurudi nyumbani, wasimwone tena akiwa hai. Wakiwa katika kukimbia, mvua nyeusi iliyochanganyika na vumbi la mlipuko iliwanyeshea.

Kisha ikapita miaka tisa ya afya njema. Baba alikuwa kinyozi, na familia iliishi kwa kipato cha kibanda hicho cha kunyolea. Sadako alipofika darasa la sita alikuwa mkimbiaji hodari, tegemeo la darasa lake katika mbio za kupokezana vijiti. Mwishoni mwa 1954 alishikwa na mafua, shingo na nyuma ya masikio vikavimba. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata madoa ya zambarau yalimtoka miguuni. Tarehe 21 Februari 1955 alilazwa katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Hiroshima. Wazazi waliambiwa kwamba ni saratani ya damu na kwamba hatauvuka mwaka. Alikaa hospitalini miezi minane, akafariki tarehe 25 Oktoba 1955.

Kuhusu tiba yenyewe sina mengi ya kusema, kwa kuwa wakati ule haikuwa na mengi. Miaka saba tu nyuma, mnamo 1948, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alikuwa ameonyesha kwa mara ya kwanza kwamba dawa inaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu kwa mtoto, na hata hiyo kwa muda tu. Wagonjwa wa namna ya Sadako waliongezewa damu na kupunguziwa makali. Gharama ilikuwa juu ya familia: sheria ya Japani ya kuwatibu bure manusura wa bomu ilikuja mwaka 1957, miaka miwili baada ya kifo chake. Suala hili la pesa lisisahaulike, maana litarudi kwenye majonzi yake kwa njia ambayo mtu hategemei.

Aliyajuaje?

Wazazi walinyamaza kwa mapenzi, na walinyamaza kwa desturi. Japani ya wakati ule hata mtu mzima hakuambiwa kwamba ana saratani. Daktari aliizungumza na familia, nayo ikaubeba mzigo. Siwalaumu hata kidogo. Baba aliyeelezwa kwamba binti yake hana mwaka, kisha akarudi wodini na uso wa kawaida, alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko nyingi tunazozijua.

Lakini ukimya huo ulikuwa Hiroshima. Saratani ya damu ilikuwa imeanza kuongezeka kwa manusura miaka michache tu baada ya bomu, na waliokuwa watoto siku ya mlipuko walikuwa katika hatari kubwa kuliko watu wazima. Watu wa mji waliuita ugonjwa wa bomu la atomiki. Mtoto aliyekulia huko hakuhitaji daktari amtajie. Alikuwa amekwisha kusikia mitaani nani aliupata na nani hakurudi. Kisha alikuwa na mwili wake mwenyewe: madoa yanayotoka na kufifia, homa, sindano zisizoisha. Alikuwa na nyuso za wageni. Na alikuwa na akili ya mtoto wa miaka 12 anayejua kusoma namba na kuona zinapanda au zinashuka.

Mwaka 1971 muuguzi na mtafiti Eugenia Waechter alichapisha huko Marekani utafiti juu ya watoto 64 wa miaka 6 hadi 10. Kumi na sita kati yao walikuwa na magonjwa yasiyotibika. Aliwaonyesha picha na kuwaomba watunge hadithi. Wawili tu kati ya hao 16 walikuwa wamezungumza na wazazi wao juu ya hatari waliyokuwamo, na bado hadithi zao zilijaa kifo, na hofu yao ilikuwa takriban mara mbili ya ile ya watoto wengine waliolazwa kwa maradhi ya kupona. Wazazi waliokuwa wakiwaficha walikuwa wanamficha mtu aliyekwisha kuona.

Orodha ya Sadako ni ushahidi wa aina hiyo hiyo, tena bila mtafiti. Wengine wameisoma kama udadisi wa mtoto mwerevu. Mimi naisoma tofauti. Mtu hafichi kitu kisichomgusa. Kama angekuwa haelewi maana ya zile namba, angeuliza kwa sauti, kama mtoto anavyouliza joto lake leo limefika ngapi. Alizinakili kimya na kuziweka mahali ambapo mama hataziona, kwa sababu alijua mama akiziona ataumia, na kwa sababu alijua kuwa kujua kwake hakutakiwi.

Julai

Katika wodi hiyo palikuwa na mtoto wa kike mdogo kuliko Sadako, naye ana saratani ya damu. Julai 1955 mtoto huyo alifariki. Msichana aliyekuwa chumba kimoja na Sadako, aliyemzidi kama miaka miwili na aliyelazwa kwa kifua kikuu, alisimulia baadaye kwamba Sadako alijisemea kwa mshangao wa huzuni: je, nami nitakufa hivyo?

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu sentensi hiyo fupi imebeba karibu kila kitu.

Kwanza, imemlilia mwingine na kujililia kwa wakati mmoja. Kwa mtu mzima mwenye afya, msiba wa jirani na hofu ya kifo chake mwenyewe ni vitu viwili. Anaweza kwenda matangani, akatoa pole, akarudi kwake. Mtoto wa wodi ya saratani hana mlango huo. Aliyeondoka alikuwa na ugonjwa wake, madoa yake, sindano zake. Kumlilia ni kujitazama.

Pili, inaonyesha ujuzi wa kifo unavyomfikia mtoto mgonjwa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Myra Bluebond-Langner aliishi kwa miezi kati ya watoto wenye saratani ya damu, wa miaka 3 hadi 9, katika hospitali moja ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliona kwamba wote walipitia njia ileile: kwanza mtoto hugundua kuwa ugonjwa ni mzito, kisha hujua dawa na madhara yake, kisha shabaha ya kila kipimo, kisha huona kuwa ugonjwa unaondoka na kurudi, na mwisho hujua kwamba utamuua. Hatua hiyo ya mwisho haikuja kwa umri. Ilikuja baada ya kusikia kwamba mwenzao amekufa. Mtoto wa miaka minne aliyeugua kwa muda mrefu aliweza kujua kuliko wa miaka tisa aliyelazwa juzi. Sadako, kwa orodha yake, alikuwa amezipita hatua zote za mwanzo. Julai ilimpa ile iliyobaki.

Tatu, tazama nani aliyasikia maneno yale. Hakuwa mama, hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa msichana mwenzake, mgonjwa kama yeye. Watoto wa Bluebond-Langner nao walifanya hivyo: wao kwa wao walizungumza waziwazi, mtu mzima akitokea wakabadili mazungumzo. Walikuwa wamejifunza kwamba ukitaja kifo mbele ya mzazi, mzazi hukimbia, ama kwa miguu ama kwa machozi.

Na hakuna aliyempa pole. Msiba ukitokea kwetu, hata mtoto huona watu wamekaa chini, wanapika, wanalia, wanaswali au wanasali. Anaona kwamba huzuni ina mahali pake na ina siku zake. Rafiki wa wodini hana matanga. Kitanda kinatandikwa upya na chakula cha mchana kinaletwa kwa saa yake. Nadhani hilo ndilo linaloyafanya majonzi ya watoto hawa kuwa ya peke yake: aliyefiwa hatambuliwi na yeyote kuwa amefiwa.

Mtoto anayewalinda wazazi wake

Familia ya Sadako ilikuwa na shida za pesa, na kaka yake, ambaye kwa miaka mingi amezunguka nchi mbalimbali akisimulia habari za dada yake, anasema Sadako alijua. Alivumilia maumivu bila kulalamika kwa sababu alijua kila dawa ina bei na baba ana madeni.

Kisa cha kimono, vazi la jadi la Kijapani, ni cha namna hiyo. Wazazi walitaka binti yao avae kimono walau mara moja kabla hajaondoka, na mama akamshonea moja yenye maua ya mcheri. Sadako alipoipokea alilia, akasema wametumia pesa nyingi mno kwa ajili yake. Msomaji wa haraka ataona mtoto mwenye shukrani. Mimi naona mtoto aliyeelewa kwa nini kimono imekuja sasa na si baadaye. Kama angetegemea kukua, kimono nzuri ingekuwa furaha tupu. Alichopewa kilikuwa kwaheri, wote watatu walijua, na hakuna hata mmoja aliyesema.

Wanasosholojia Barney Glaser na Anselm Strauss waliieleza hali hii mwaka 1965: mgonjwa anajua, jamaa wanajua, kila upande unajua kwamba mwenzake anajua, na wote wanaendelea kuigiza kwamba hakuna jambo. Kwa watoto, maigizo haya yana sababu ya kuumiza zaidi. Mtoto hawezi kumudu wazazi wake wavunjike, maana hana wengine. Kwa hiyo mwenye miaka 12, akiwa na damu iliyoharibika, anachukua zamu ya kuwatunza watu wazima. Anatabasamu wanapoingia. Anaficha orodha.

Korongo waje baadaye

Sasa tuwarudie wale korongo, na niombe msomaji aangalie mpangilio wa tarehe. Orodha ya damu ilianza Februari. Kifo cha mtoto yule kilikuwa Julai. Korongo walianza Agosti, pale wagonjwa walipoletewa zawadi ya korongo wa karatasi kutoka kwa watu wa Nagoya, mji mwingine wa Japani. Kwa hiyo haiwezekani kuwasoma kama tumaini la mtoto asiyejua. Vidole vilivyokunja korongo wa kwanza vilikuwa vimekwisha kuandika namba za seli nyeupe kwa miezi.

Simulizi lililoenea zaidi duniani linasema alifika 644 tu akafariki, marafiki wakamalizia. Familia yake na makumbusho ya Hiroshima wanasema vingine: alipita elfu moja kabla ya Agosti kwisha, akaendelea. Tofauti hii si ya hesabu tu. Katika lile simulizi la kwanza, mtoto ameshindwa na muda, na sisi tunabaki tukijiuliza kama angepona laiti angefikisha. Katika habari ya kweli, alifikisha, ombi halikujibiwa, naye hakuacha. Alikunja kwa karatasi za kufungia dawa, kwa karatasi za zawadi za wagonjwa wengine, akitumia sindano kwa wale wadogo mno. Kwa simulizi la kaka yake, awamu ya kwanza aliomba kupona, na ya pili aliomba baba apate nafuu ya madeni yake.

Hapo ndipo naona mtoto akiyapa majonzi maana kwa namna yake. Tulizoea kusema kwamba mtoto hushikilia miujiza kwa sababu hajui ukweli. Sadako alishika vyote viwili mkononi. Alijua anakokwenda, na alitaka kuishi, na alipoona ombi la kuishi limekaa kimya, alilihamishia kwa yule aliyembakiza na mzigo. Watu wazima tunaoumwa huwa tunafanya hivyohivyo: asubuhi tunaandika wosia, jioni tunapanga safari ya mwaka ujao. Hatuitani wajinga kwa hilo, na mtoto naye tusimwite.

Yapo mengine aliyopoteza ambayo nayataja tu. Alipolazwa alikuwa darasa la sita. Wenzake walipoingia sekondari Aprili, jina lake liliandikishwa nao, na hakukaa kwenye dawati lile hata siku moja. Mwanzoni walikuja kumwona kwa zamu. Shule mpya ilipowabana, wakapungua. Alipokufa, majuto yao yalikuwa makali. Wakaanza kuchangisha, michango ikaja kutoka shule zaidi ya 3,000 na nchi kadhaa, na tarehe 5 Mei 1958 mnara wa watoto ukazinduliwa katika bustani ya amani ya Hiroshima. Majonzi ya wenzake yalipata jiwe na sherehe. Ya Sadako mwenyewe yalikuwa kwenye karatasi moja iliyofichwa.

Kingefanyika nini?

Leo hali ya tiba ni nyingine. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini hawafiki asilimia 30, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Kwa hiyo mtoto aliye wodini leo, hapa kwetu pia, anaweza kabisa kuwa wa kupona. Lakini hata huyo wa kupona atawazika wengine kwa macho. Atarudi kwa mzunguko wa dawa baada ya wiki tatu, atamtafuta rafiki yake, ataambiwa amerudi kwao au amehamishwa. Kama viatu vya rafiki bado viko chini ya kitanda, ataelewa. Na siku akiambiwa yeye mwenyewe kwamba anarudi kwao, atakuwa na sababu ya kuogopa.

Wazazi wanaogopa kwamba kusema kutamvunja mtoto. Uswidi, watafiti wakiongozwa na Ulrika Kreicbergs waliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani kama walizungumza nao juu ya kifo, na mwaka 2004 wakachapisha majibu. Kati ya 147 waliozungumza, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta, na majuto yalikuwa mengi zaidi kwa wale waliohisi kwamba mtoto alikuwa anajua.

Sisemi kwamba wazazi wa Sadako wangemkalisha Februari na kumtajia idadi ya miezi. Hilo lingekuwa ukatili wa namna nyingine. Nafasi ilikuwa Julai, usiku ule alipouliza mwenyewe kama atakufa vile. Swali lilikuwa limetoka mdomoni. Lilihitaji mtu mzima tu wa kulipokea. Jibu halikulazimika kutabiri chochote. Lingeweza kuanza na pole: pole mwanangu, ulikuwa unampenda yule mtoto. Lingeweza kufuata na swali: wewe unaonaje, na unaogopa nini zaidi? Watoto wengi, wakiulizwa hivyo, hawasemi kifo. Wanasema maumivu, wanasema kubaki peke yao, wanasema mama atakuwaje. Wadogo sana wanataka kujua kama ugonjwa umetokana na kosa walilofanya, na hao waambiwe wazi kwamba hapana. Sadako huenda angesema madeni ya baba, na baba angepata nafasi ya kumwambia kwamba deni si mzigo wa mtoto.

Na mzungumzaji asitegemee kuyamaliza kwa kikao kimoja. Mtoto huuliza kidogo, akaomba juisi au karatasi ya kuchorea, akauliza tena baada ya siku nne katikati ya jambo jingine kabisa. Anayemtunza awe tayari kulipokea swali la pili kama alivyolipokea la kwanza, na akiwa hana jibu amwambie kwamba hana, kisha abaki ameketi palepale.